Kisu cha Tata, Mbuzi ya Mama Mukwe

Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya gare ya Kolwezi, pale stesheni ya treni, jamani, hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso. Suruali ilinianguka mbele ya mama mukwe. Ndiyo, mama mzaa mke wangu, mtu ambaye kwetu sisi watu wa Kasai hata machoni humtazami, mnasalimiana kila mmoja ameangalia pembeni, na akiona hata goti lako unatoa mbuzi ya kufuta haya. Sasa mi nilionyesha zaidi ya goti.

Ilikuwa miaka ile wenyeji walipotufukuza sisi watu wa Kasai. Nilizaliwa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba wa Kolwezi, nikabatizwa Musonoi, halafu asubuhi moja naambiwa nirudi "kwetu" Kasai, ambako sikuwahi kukanyaga. Nilishangaa mpaka nikacheka. Nyumba ikachukuliwa, tukaenda kulala gare na wenzetu kusubiri treni, mi, mke wangu Ngalula na mama yake.

Kitu kimoja nilikataa kukiacha, kisu cha kukunja cha marehemu tata, baba yangu. Wazee wake Kasai walikuwa wafua vyuma, yeye akawa fundi wa karakana ya mgodi, na saa za kupumzika alitengeneza visu kwa vipande vya misumeno iliyovunjika, mpini wa mti mwekundu wa mukula, ribiti ya shaba ya kule kule Kolwezi. Chuma cha kushikilia makali alikiita mugongo, na ukifungua kisu kinalia ta, mlio ambao Musonoi nzima iliujua. (Mugongo wa changu ulikuwa umeshachoka, kumbukeni hilo.)

Mlangoni pa gare vijana wa hao waliotufukuza walipekua kila mtu, na ukikutwa na kisu wanakichukua, wewe unatolewa foleni, treni inakuacha. Ngalula akaniambia, "Ficha mu unga ya bukari." Mi na akili zangu nyingi nikasema unga wa ugali ndio watakaoupekua kwanza, nikakichomeka kiunoni, chini ya kamba niliyoifunga badala ya mkanda (mkanda nilishaubadilisha kwa mihogo, na nilivyokonda suruali ilikuwa inanizunguka). Uamuzi mdogo huo tu.

Tukafika mbele, na anayepekua ni nani? Kabwita, jirani yetu, tuliyeimba naye kwaya moja. Nilishtuka. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Inua mikono yulu, tata."

Nikainua, tumbo likaingia ndani, mugongo ukaachia, ta, kamba ikakatika, suruali chini, na kisu juu yake kimefunguka wazi. Na ndani ya suruali (nisikilizeni vizuri) sikuwa nimevaa kitu, maana Ngalula alikuwa amefua asubuhi ile.

Kabwita alikitazama kisu, na alikijua, kwa sababu kisu pacha cha hiki changu tata alimpa yeye siku ya ndoa yake. Halafu akainua macho akamwona mama mukwe nyuma yangu na kikapu chake, na uso ukambadilika.

"Mama mukwe yake eko pale," akawaambia wenzake. "Bote mugeuke."

Vijana wote wakageuka, maana haya ya ukwe ni haya kwao pia. Mi nikainama kuvuta suruali, macho nimeyafumba kwa haya. Nyumba yangu waliichukua bila kupepesa jicho, lakini hili hawakuweza kulitazama.

Walipogeuka tena nilikuwa nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, na chini hakukuwa na kisu. Kabwita akatazama chini, akanitazama mimi.

"Pita," akasema.

Treni ilipofika stesheni ya Tenke ikasimama, nami nikasikia ta. Mama mukwe alikuwa amenipa mgongo, anamenya muhogo kwa kisu cha tata. Kumsemesha mwenyewe sikuthubutu, nikamtuma Ngalula, "Ambia mama anirudishie kisu ya tata." Jibu likarudi kwa njia ile ile:

"Mumuambie mi kisu sikuona. Mi naona tu mbuzi yangu."

Sikudai tena, haya nilikuwa nimeshailipa. Tangu siku hiyo navaa mkanda na kamba, vyote viwili, na mke wangu akiniambia ficha kwenye unga, naficha kwenye unga. Mama mukwe alipofariki, kisu kikarudi kwangu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge chake. Nikakifungua, ta, na bila kujua nikajikuta nimeangalia pembeni.