Fito Tatu za Nyamwamba

Naikumbuka vizuri siku niliyojua neno saini limetoka wapi, mwanangu, kwa sababu siku hiyohiyo nilikaribia kumuua mama yangu.

Tulikaa hapahapa Kilembe. Mto Nyamwamba ulikuwa umelisomba daraja, na Thembo, katekista wetu, akachomeka fito majini, kila moja na kitambaa chekundu, kuonyesha penye mawe imara ya kuvukia. Asubuhi moja nikakuta maji yamepungua, mawe yote yanaonekana. Nami nilikuwa na maharage yanayotaka miti ya kutambalia, na uvivu wa kupanda mlima kuitafuta. Nikang'oa fito tatu. Nani angezihitaji tena?

Mchana mvua ikanyesha huko juu milimani. Mama alipotoka sokoni akakuta mto umejaa tope, akakanyaga pasipo na jiwe. Thembo ndiye aliyemdaka kwa kukamata kitenge alichovaa Mama. Kapu lilienda na maji.

Jioni Thembo akaja kwetu na panga.

"Nani alitoa miti yangu?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Basi tuende tukate ingine."

Hakunigombeza. Tukiwa tunakata, akaniambia kwamba alama kwa Kilatini ni signum, na saini tunayoweka kwenye karatasi imezaliwa humo, ikatufikia kwa Kiingereza. Mimi na maswali yangu, hata siku ya aibu sikunyamaza. Nikamuuliza hiyo signum nayo imetoka wapi.

"Wasomi iko nabishana," akasema. "Wengine nasema ni kukata. Wengine nasema ni kufuata." Akanipa ufito mkononi. "Hii mimi nilikata. Mama yako alikuwa nafuata."

Mpaka leo sijui wasomi waliishia wapi, na bado natamani kujua. Maharage yale yalizaa sana. Mama alikataa hata kuyaonja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta alama, hata iwe kitambaa kilichochakaa, uliza kwanza nani aliiweka na nani bado anaifuata. Usiing'oe kwa kuwa leo wewe unaona mawe. Mungu akuwekee ufito kila penye maji mengi, na siku utakapoukosa, akupe mtu wa kukudaka.