Muzee wangu hataki kumaliza ndege ya kuzika mwana wetu

Admin, ficha jina yangu, lakini miaka yangu usifiche: niko na sabini na mbili, na meno yangu karibu yote. Nakaa Songo, hapa Uvira. Masomo niliachia mwaka wa tatu wa primeri, juu baba alisema shule haipiki bugali. Mwenye kutaka kucheka maandiko yangu acheke, akimaliza asome vizuri. Nililea batoto kwa kuuza ndagala, samaki badogo ba ziwa, sikuomba mutu shauri. Leo naomba.

Mwana wetu wa tatu alikuwa makanika wa ndege, zile ndogo za helise mbili, ndiyo mapanga ya kuzunguka, zinapeleka batu kule barabara zimekufa. Siku moja alipanda ndani kusudi asikilize motere ikiwa juu. Haikurudi. Balisema ilianguka mu pori, ikaungua. Habakutuletea hata kiatu.

Kwetu, mwili ukikosa, tunakata mugomba, tunauvalisha nguo za marehemu, tunaulilia, tunauzika. Kisha matanga inafungwa, mujane ananyolewa, anaogeshwa, anavua nyeusi. Bila ile, anabaki na kifo mu mwili: hakuna mwenye atakula chakula ya mikono yake, hakuna mwenye atamuoa.

Basi bajomba ba marehemu, ndiyo kaka zangu, balikuja na mugomba. Muzee wangu akasimama mbele ya batu bote: "Mwanangu hakuwa ndizi! Murudishe hiyo mu shamba." Akaingia mu nyumba, akatoka na katoni mwana aliyoiacha chini ya kitanda. Ndani kulikuwa vipande vya ndege ileile aliyokuwa anatengeneza, lakini ndogo, ya kuunga mwenyewe, ya rezini, ile kitu inamiminwa mu forma inakuwa ngumu. Muzee akasema: "Nitaiunga. Hii ndiyo tutazika."

Kaka zangu bakatazamana. Mukubwa wabo akasema, "Sawa, shemeji. Neno limetoka." Balimwaga pombe chini, tukala. Na neno lililotoka mbele ya kilio halirudi mu kinywa. Ujinga wetu ndio ule: hakuna mwenye aliuliza atamaliza lini.

Mwanzoni nilifurahi. Muzee alikuwa fundi wa mitumbwi, mikono yake inajua. Alikata vipande na wembe. Bawa lililopinda alilichovya mu maji ya moto, akalinyoosha juu ya kioo. Matundu ya hewa aliyaziba na mastiki, akapiga papye vere, ile karatasi ya kukwangua. Sasa mvua imepita, imerudi, ingine imepita. Anakwangua, anaziba, anakwangua. Tumbo ya ndege ilikuwa nyembamba mpaka kidole yake ikatoboa. "Ona, iko na tundu," alisema, sura ya furaha kabisa. "Lazima nianze tena."

Mukamwana wetu, ule mujane, nimuite Furaha, ile nguo yake nyeusi imekuwa rangi ya majivu. Bado kijana, bado ana nguvu ya kulima na ya kucheka. Namupenda kupita mabinti zangu, na mabinti banajua, bakasirike.

Juzi muchana nilikuta ndege imesimama ku meza, nzima, nyeupe, madirisha yote mahali pake. Nilipiga vigelegele! Furaha akaleta kitambaa cha kuifunika. Nilikimbia kuita kaka yangu. Kurudi, nakuta muzee iko anakata bawa na kasumeno.

"Weye muzee! Unafanya nini?"

"Limeinama."

"Limeinama wapi? Ni weye mwenye umeinama! Huyu mutoto azeeke mu nguo nyeusi juu ya bawa?"

Alipuliza vumbi, akakohoa kile kikohozi vumbi imemupa. "Mama," akasema polepole, "sasa iko mu mikono yangu. Mukiiweka mu udongo, minye nitashika nini?"

 

Nilimutazama Furaha aseme kitu, hata atukane. Alikaa karibu na muzee, akamushikia lile bawa kusudi asijikate kidole. "Muache tu, mama," alisema. "Labda liliinama kweli."

Hapo ndipo niliogopa.

Kaka za Furaha ba kule Luberizi batuma neno: mupunga ukivunwa, banakuja kumuchukua dada yabo, matanga ifungwe ao isifungwe. Akienda vile, anaenda na kifo mu mwili, na batoto bake babaki kwetu. Mupunga umeanza kuwa manjano. Pasta alikuja kuongea na muzee, muzee akamuonyesha tundu. Kaka zangu banasema neno ni neno, kisha banarudi kunywa.

Niibe ile ndege muzee akilala, niizike na bawa moja, mujane aogeshwe? Muzee atakufa, sidanganyi, hana kingine kinachomuamusha asubuhi. Nimuache akwangue? Basi Furaha ndiye tutazika, tena akipumua.

Musiniandikie "pole bibi", pole niko nazo gunia. Musiniambie niombe Mungu, naomba kuwapita. Weye mwenye ulizika mutu bila mwili, weye ndiye nakuuliza. Kati ya bwana yangu na huyu mutoto wa batu, nimuvunje nani?