Nilivyouliza Majina Elfu Tano kwa Mpigo

Mkasa huu huwa nausimulia huku nimeinamisha uso, maana mpaka leo nikipita Kiboriloni napita upande wa pili wa barabara. Asubuhi ile niliondoka Tarakea sina mpango wowote, nina begi na kompyuta ya mtumba (shule niliachia kidato cha pili, programu nimejifundisha mwenyewe kwenye simu), nikashuka Kiboriloni kwa sababu tu nilisikia harufu ya ndizi za kuchoma.

Kwenye duka la kuchapa stika nikamkuta Mama Aika, mwenyekiti wa akina mama wanaouza unga wa ndizi. Kesho yake walikuwa na maonyesho, stika zilipaswa kuchapwa saa sita mchana siku ileile zikiwa na anwani ya tovuti yao, na yeye hakujua kama jina wanalolitaka lilikuwa limeshachukuliwa.

"Shikamoo mama, hiyo kazi ya dakika moja," nikadakia, wala hakuna aliyeniuliza.

Na kweli, kuangalia jina moja kwenye daftari la majina ya mtandaoni ni dakika moja. Lakini mimi na udadisi wangu! Nikaona nimtafutie na majina ya akiba, nikaandika programu iulize majina elfu tano mfululizo, lake likiwa la mwisho, na baada ya sekunde chache daftari likajibu kwamba maswali yamezidi, intaneti ya duka lile haitajibiwa tena mpaka kesho.

"Mtandao wenu mbovu," nikamwambia mwenye duka (Mungu anisamehe), nikahamia intaneti ya simu ya Mama Aika, nayo ikafungiwa. Tukavuka kwa fundi cherehani, akatupa ya kwake kwa roho safi, ikafungiwa. Tukaingia saluni, ikafungiwa, na nyuma yetu sasa kuna watu kama kumi walioacha biashara zao kuja kutazama, mimi jasho linanitoka huku nalaani minara, mpaka dada mmoja mwenye rola kichwani akachungulia kompyuta yangu.

"Kaka, haya maandishi yanayokimbia ni nini?"

Programu. Sikuwa nimeizima. Kila tulikohamia ilikuwa inaendelea kuuliza.

"Kumbe ugonjwa tunatembea nao!" fundi akapiga kelele, saluni nzima ikaangua kicheko.

Mama Aika hakucheka. Zilibaki dakika kumi. Akampigia wakala wa kusajili majina kule mjini, akataja jina moja, akasubiri. "Lipo wazi? Haya, sajili baba." Akanigeukia. "Ningempigia tangu asubuhi kama usingedakia. Nani alikufundisha kuuliza kama kuku anadonoa?"

Nikafunga begi, nikatembea kwa miguu mpaka Majengo, na tangu siku hiyo programu yangu ikiuliza swali moja, inatulia kwanza. Jioni nikapata chumba, mwenye nyumba akanionyesha kitanda na bomba la maji, kisha akasema, "Intaneti ni bure, mwanangu, nikutajie neno la siri?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nipe ufunguo tu."