Chef wetu alificha saa ya satelaiti chini ya mabati, mtoto wangu akalala bila titi langu

Wakuu, nawasalimu wote, wa Buja, wa Uvira, wa Kigoma na nyie mliotoroka mbali mnatusoma tu.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sijakiokota kwa mtu. Kiswahili changu ni cha mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, nimesoma hadi sekondari na hapo hapo nikaishia. Mwenye kutaka kunisahihisha sarufi aanzishe uzi wake.

Nina hasira. Nimeona niseme mapema.

Nafanya kazi ya kuingiza data kwenye kampuni moja ya transit, mtaa wa viwanda. Mizigo inatoka Dar au Kigoma, sisi tunaandika kwenye kompyuta imefika lini, imetoka lini, imeenda kwa nani.

Kila kompyuta ilikuwa na saa yake. Moja iko mbele, nyingine nyuma, moja ilikuwa inaamini tuko mwaka mwingine kabisa. Lori likawa linaonekana limetoka kwetu kabla halijafika. Wateja wanapiga simu wanacheka.

Hapo ndipo Chef akaamua kuwa mtaalamu.

Chef ndiye mkubwa wa mambo ya kompyuta pale ofisini. Ana diploma ya Ulaya ukutani, ndani ya kioo. Akikuelekeza kitu anaanza kwa kupumua kwanza, kama vile ujinga wako unamchosha mapafu.

Wazo lake halikuwa baya, niwe mkweli. Alisema seva moja ichukue saa kutoka chanzo cha uhakika, halafu kompyuta zote ziifuate seva. Sawa kabisa.

Kwanza akaagiza kwa ndugu yake Ubelgiji saa ya redio. Ni kisanduku kinachosikiliza mnara ulioko Ujerumani, ule mnara unatangaza saa sahihi usiku na mchana, na kisanduku kinaipa kompyuta.

Kilifika. Chef akakizungusha dirishani huku na huku kama mtu anayetafuta kibla. Kimya. Akakipandisha juu ya kabati. Kimya. Ule mnara, wakuu, unasikika Ulaya. Sisi tuko Bujumbura. Karatasi yake ilikuwa na ramani yenye duara, na karibu Afrika yote ilikuwa nje ya duara. Hakuitazama. Alisema kimeharibika njiani.

Kikawekwa sandukuni. Ikaagizwa ya satelaiti.

Hii ya pili ni GPS. Kisanduku kingine, na waya mrefu, na mwisho wa waya kuna antena ndogo ya mviringo, ukubwa wa uyoga. Satelaiti zina saa sahihi sana ndani yake, zinatangaza, antena inapokea. Inafanya kazi popote duniani, hata kwetu. Sharti lake ni moja tu: antena ione mbingu.

Basi.

Ione mbingu.

Sasa mbele ya ofisi yetu kuna position, kituo cha wanajeshi. Chef akawaza: nikiweka antena juu ya paa, hawa watasema naongea na waasi wa milimani. Siwezi kumcheka kwa woga ule. Mji huu watu wamechukuliwa kwa kitu kidogo kuliko antena. Kila mmoja wetu angeogopa.

Namcheka kwa alichofanya baada ya kuogopa.

Aliiweka antena ndani ya dari. Chini ya mabati. Mawimbi ya satelaiti ni dhaifu, hayapenyi bati. Ni kama kumfunga mtu kitambaa machoni halafu unamwambia akusomee gazeti.

Kisanduku kina taa. Ikiwa kijani, kimeona satelaiti. Ikiwa nyekundu, hakioni kitu. Ya kwetu ilikuwa nyekundu toka siku ya kwanza. Chef akaibandika plasta, ile ya kidonda. Akasema inamuumiza macho.

Kisha akatukusanya na kututangazia: kuanzia leo saa ya ofisi inatoka kwa satelaiti, haina ubishi. Mlangoni akaweka kompyuta, unaandika jina ukiingia, unaandika jina ukitoka. Kutoka kabla ya saa kumi na moja jioni ni kosa. Makosa mawili, kwaheri.

Seva isipopata kitu kwenye satelaiti inafuata saa yake ya ndani. Na umeme wetu mnaujua, unaondoka ukipenda. Ukiondoka, ile saa ya ndani inabaki inakokotwa na betri ndogo kama sarafu, na betri ya seva yetu ilikuwa imechoka. Kila umeme ukirudi tumeachwa nyuma kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo. Na kompyuta zote zinafuata kwa adabu, kama bata nyuma ya mama yao.

Ile saa ikabaki nyuma karibu nusu saa. Asubuhi hakuna aliyelalamika, maana ukichelewa kompyuta inasema umewahi. Jioni ndiyo tulikuwa tunaibiwa.

Mimi nakaa Kinama, mwisho wa mji. Nina mtoto wa miezi minne, ananyonya, chupa haitaki hata umdanganye vipi. Mume wangu yuko Uvira kwa kazi. Mtoto anabaki na mama mkwe wangu. Bariyeri ya wanajeshi kwenye njia ya Kinama inafungwa jua likizama. Ikifungwa, imefungwa.

Sheria inanipa saa moja ya kunyonyesha. Chef alinipa, sisemi alininyima. Alinipa saa sita mchana. Niende Kinama nirudi kwa saa moja, na mabisi haya yetu ya abiria? Niliomba aihamishie jioni nitoke mapema. Akapumua. Akasema, "Mama, kompyuta haijui mambo ya titi."

Tunaendelea.

Nilianza kushtuka kwa sababu ya redio. Dereva wa Chef anasikiliza redio ndani ya gari, dirisha wazi. Nasikia ile milio ya saa kumi na moja kabla ya habari, pi pi pi, natazama kompyuta, bado sana. Kesho yake hivyo hivyo.

Nikamwendea Chef.

"Chef, saa yetu iko nyuma. Redio imeshapiga saa kumi na moja."

"Redio ya wapi?"

"Ya hapa, ya taifa."

Akageukia wenzangu. "Mumemusikia? Mama huyu anabishana na satelaiti!"

Wakacheka. Hata Fidès, sekretari, rafiki yangu, alicheka. Toka siku hiyo wakaniita Mama Satelaiti. "Mama Satelaiti, kwenu Kinama ni saa ngapi?" Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu anaibiwa jioni yake na bado anamchekea mwizi.

Kosa la kwanza nilishapewa, siku niliyotoka kwa saa ya redio. Kwa hiyo nikawa nasubiri kompyuta, kisha nakimbia. Kila jioni nakimbia na kifua kimejaa maziwa. Akina mama mnanielewa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Nikasubiri kompyuta iseme saa kumi na moja, nikaandika jina, nikatoka mbio. Bisi ya mwisho ya Kinama imeshaondoka. Nikaenda kwa miguu kwenye matope, viatu mkononi.

Bariyeri imefungwa.

Mwanajeshi kijana ananyoosha mkono. "Apana, mama. Rudi."

"Mwanangu ananyonya, afande. Yuko pale tu ng'ambo."

"Saa imepita."

"Nimetoka kazini saa kumi na moja kamili! Ya satelaiti!"

Akanionyesha saa ya mkononi mwake. Nikamwambia ya ofisi inasema nini. Akacheka mpaka akamwita mwenzake. "Huyu mama anakuja na saa ya Kinshasa, ya nyuma!"

Wakati wanacheka tukasikia risasi, upande wa Kinama. Kicheko kikaisha. "Mama, nenda," akasema, sasa kwa upole. "Mi sitaki nikuokote hapa."

Nikaenda kwa shangazi yangu Buyenzi. Huo usiku siwasimulii. Nitasema hili tu: maziwa nilikuwa nayakamulia kwenye karai la shangazi, na ng'ambo ya ule mlio wa risasi kuna mtoto wangu ana njaa.

Asubuhi walipofungua bariyeri nilikuwa wa kwanza.

Yuko hai. Nimeandika mapema mpumue, mimi sikupewa hiyo nafasi.

Mama mkwe alimpa maji ya sukari, akayatema. Akalia mpaka sauti ikakauka. Jirani yetu Mama Bukuru, naye ana mtoto mchanga, alimsikia kupitia ukuta. Alivuka uwanja akitambaa, risasi zinapita, akamweka kwenye titi lake. Akalala naye hapo chini, mmoja huku, mmoja huku.

Nikaanza kumshukuru. Akaniambia, "Nyamaza we, si alikuwa na njaa?"

Mama mkwe wangu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu. "Huyo chef wako ana watoto?"

Anao watatu.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikarudi kazini.

Chef yuko mlangoni. "Umechelewa. Na hiyo ni nini mgongoni?"

"Ni mtu," nikamjibu. Nikampita, nikaingia chumba cha seva, nikabandua plasta. Nyekundu.

"Usiguse! Hiyo taa ni ya umeme tu!"

"Chef, saa yako haijawahi kuona satelaiti hata moja. Umeiweka chini ya mabati. Karatasi yake ina picha, hata mutoto huyu angeisoma. Jana nimefungiwa bariyeri."

Akaanza kupumua ile pumzi yake, anataka kunifundisha. Ndipo Fidès akaongea pale kwenye meza yake, hata kichwa hakuinua.

"Chef, na we mbona unatokaga redio ikilia?"

Vichwa vyote vikamgeukia Chef.

Kweli, wakuu. Kila siku redio ikilia pi pi pi, dereva anawasha gari, Chef anachukua koti. Wote tulikuwa tunamwona, tukidhani wakubwa wanatoka mapema kwa ukubwa wao. Kumbe alikuwa anatoka kwa saa sahihi. Alijua! Saa ya satelaiti ilikuwa ya kutufunga sisi, yeye alikuwa na redio.

Nilitegemea aone haya. Akasema kwa sauti ndogo, "Munataka nipandishe antena wanajeshi waniue?"

"Uliwauliza?"

Hakuwa amewauliza. Miezi yote ile, watu wako ng'ambo ya barabara, hakuna aliyevuka kuuliza.

Nikavuka mimi. Na mtoto mgongoni, na woga wangu, sitajifanya shujaa. Mkubwa wao alikuwa anakula maharage. Nikamweleza: tuna kitu cha kupokea saa, hakitumi neno kwa mtu, kinasikiliza tu, tunaomba kukiweka juu ya paa.

"GPS?" akasema. "Si hata sisi tunazo. Lete nione."

Fidès akaileta. Akaigeuza mkononi. "Hii tu? Hii kauyoga?" Akamtuma kijana wake mmoja aje ashuhudie ikifungwa, wasije wa zamu nyingine wakashangaa. Akarudi kwenye maharage yake.

Yameisha. Hivyo tu.

Fundi akapanda alasiri. Tulikaa tunaitazama ile taa kama tunangoja chungu kichemke. Ikawa kijani. Chef akawasha seva upya bila kumtazama mtu.

Saa za kompyuta zikaanza kuruka mbele moja moja. Ya mlangoni ilikuwa inasema bado saa kumi na moja haijafika. Ikaruka, ikawa imeshapita.

Kila mtu alikuwa anahesabu jioni zake kichwani, naona. Wale waliokuwa wananiita Mama Satelaiti walikuwa wanatazama viatu.

Chef akasema, "Subirini kwanza, mi sijawaruhusu..."

Mimi nilishaandika jina, nilishatoka. Nilipanda bisi jua bado kali. Mtoto alinyonya hapo hapo ndani ya bisi, mbele ya watu, na asiyependa alitazama dirishani.

Mnataka kujua Chef ameomba samahani? Ameitisha mkutano akasema "tumeboresha mfumo". Mimi amenipa onyo, kosa la pili, kwa kuleta mtoto kazini. Nimepeleka malalamiko kwa mkurugenzi mwenyewe. Jibu bado. Labda wakati mnasoma hapa sina kazi. Wakinifukuza, wajue Buja yote itasikia kwa nini.

Funzo, kwa nyie mnaosimamia mitambo: antena iwekwe nje, ione mbingu wazi. Taa itazameni, msiibandike. Linganisheni na chanzo cha pili, hata redio ya dereva inatosha. Betri ya ndani ibadilisheni. Na usimwadhibu mtu kwa saa ambayo wewe mwenyewe huiamini.

Kwa wafanyakazi wenzangu: ukisikia mtu anasema saa iko nyuma, kabla ya kumcheka, tazama nje jua liko wapi.

Haya, karibuni muandike. Wataalamu mniambie kama nimekosea kwenye mitambo, nitasoma. Wenye visa vya machef kama huyu wavimwage hapa. Ila yule atakayekuja kuandika "kwa nini hukubaki nyumbani na mtoto wako", namwomba anitumie yeye chakula kila mwezi, nitabaki.

Mi nafunga kompyuta ya watu. Jua limeanza kushuka na bariyeri haijui kama nilikuwa naandika.