Wino wa Njano

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nachapa ramani za kampuni ya kutafuta dhahabu, Geita. Bosi, bahili kupindukia, akagoma kununua wino wa unga wa mashine yenyewe, akaleta wa kampuni nyingine, wa bei chee. Ule wa njano ukamwaga unga wote ndani ya mashine. Nifute, nipulize, nilaani, wapi! Kila ramani ilitoka njano tupu, na kwenye ramani zetu njano ndiyo dhahabu. Zilizoharibika zikaenda, kama kawaida, kwa mama wa maandazi, akawafungia maandazi wateja wake wachimbaji. Kesho yake nikawakuta na sururu nyuma ya ofisi, wanachimba.

“Ni wino mbovu tu!” nikafoka.

“Kama hakuna kitu,” mmoja akaniuliza, “mbona ofisi mmeijenga hapa hapa?”