Mama Simu Alivyokuwa Akili Bandia

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Simu aliunganisha simu za hospitali kuu ya mji. Siku mitambo mipya ilipoletwa, akapewa cheti cha shukrani, akaambiwa akapumzike. Alipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuwapangia majirani maisha yao, mpaka dada yake akamwambia mwanawe, "Mtafutie mama yako mdogo kazi kabla mtaa mzima haujahama."

Kijana huyo, ambaye wenzake walimwita Bosi, alikuwa na kampuni ya watu watatu katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ukutani waliandika TUNABADILISHA DUNIA. Mtandao ulikatika mara nne kwa siku, kwa hiyo dunia ilikuwa inasubiri. Programu yao ilikuwa hivi: ukiharibikiwa na kitu nyumbani unaandika ujumbe kwenye simu, na akili bandia inakutafutia fundi. Ilikuwa nzuri kuitazama. Kasoro yake ilikuwa moja tu: akili yenyewe haikuwa imepatikana.

"Ni kwa muda tu, mama mdogo," Bosi alisema. "Wewe jibu ujumbe. Jifanye mashine."

"Mashine huandikaje?"

"Kwa kifupi. Bila salamu."

Hapo nusura wakosane. Mwishowe salamu zikaruhusiwa.

Kumbe kazi ilimfaa. Alimjua fundi bomba ambaye akisema yuko njiani bado yuko kitandani, na fundi umeme asiyepanda ngazi. Wateja wakaongezeka. Magazeti yakaisifu ile akili bandia, hasa upole wake.

Ndipo mwekezaji akatua kwa ndege, amevaa viatu bila soksi. Vijana wakamficha Mama Simu stoo, katikati ya mafagio, na simu yake mkononi. Mwekezaji akaandika kwamba bomba la jikoni linavuja. Jibu likaja: "Pole sana. Umefunga koki kubwa ya nje? Funga kwanza, baba, ndipo tuongee."

"Imeniita baba!" mgeni akasema, macho yamemtoka.

"Tumeifundisha adabu," Bosi akajibu, jasho likimtiririka.

Stoo ikapiga chafya.

"Nini hicho?"

"Seva," Bosi akasema. "Ina vumbi."

Fedha zilipoingia, wakanunua mashine ya kweli kutoka nje, na Mama Simu akaambiwa asante. Alirudi nyumbani kwa miguu, hakumsimulia mtu.

Mashine haikuita mtu baba. Mama mmoja aliandika kwamba bomba limepasuka, sebule imejaa maji. Mashine, ambayo neno kupasuka ililijulia kwenye suruali, ikamtuma fundi cherehani. Akafika na futi yake shingoni, akasimama majini akiuliza nguo iko wapi. Mzee mwingine aliandika kwamba taa yake imekufa. Akapewa pole ya msiba, na seremala wa majeneza.

Bosi alimkuta mama yake mdogo akikunja nguo.

"Rudi, mama mdogo. Tumekwama."

"Mlinikalisha na mafagio, mwanangu. Nilidhani mnanionea fahari, kumbe mnanionea haya."

Bosi akatazama vidole vyake vya miguu. "Nisamehe."

"Nikirudi nakaa mezani, karibu na dirisha. Na yule mgeni ajue ni mimi."

"Atasema tulimdanganya."

"Kwani hamkumdanganya?"

Bosi alimwandikia mwekezaji barua hapohapo, kwenye meza ya kulia chakula, huku mama mdogo akimsahihishia. Alieleza yote, na chafya akaitaja. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu jibu likaja. Mwekezaji hakukasirika hata kidogo. Alisema amevutiwa sana na ubunifu huo, akauliza swali moja tu: je, huyo Mama Simu anaweza kunakiliwa kwa miji mingine mitatu?

Mama Simu alivaa miwani akaisoma barua mara mbili.

"Mwambie nina wadogo zangu wawili," akasema. "Ila mmoja hana subira."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikaa karibu na dirisha, akavuta kiti mbele. Saa mbili na dakika tano alikuwa ameshamwamsha fundi bomba.