Nyumba ya Mwalimu Juu ya Entarara

Blanketi lililolowa ukungu, linapoanza kukauka kando ya moto wa mtarakwa, lina harufu yake, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya shule. Wajukuu wangu hapa Noonkopir, Kitengela, wakisema shule inanuka, wanamaanisha choo. Yetu ilinuka kondoo. Tulikaa juu ya Entarara, upande wa Loitokitok, pale mashamba yanapoishia na msitu wa mlima unapoanza, mahali ambapo asubuhi huwezi kumwona ng'ombe unayemkamua mpaka umguse. Kila mtoto alitoka kwao na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu, ndani yake makaa, akiuzungusha njiani ili yasizime. Ukitazama kutoka kwetu uliona vijicho vyekundu vinapanda mlima kimoja kimoja, huoni mtoto. Mama alikuwa akisema, "Nenda, wenzako wameshapita," na mimi nauliza amejuaje, naye anasema, "Nimeona makaa." Darasani tuliiweka mikebe chini ya miguu, tukaandika. Aliyekuja bila makaa alibanana na mwenzake, na hapo ndipo nilipojifunza Kimaasai, maana mimi na Naserian, binti wa Kimaasai, tulikuwa miguu minne kwa mkebe mmoja.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na mbao zile zilikatwa zikiwa mbichi, kwa hiyo zilipokauka zilijikunja kila moja ikatazama upande wake. Upepo uliingia bila hodi. Walimu walikuwa wakija na kushuka. Mmoja alikuja na mandolini, akakaa mpaka nyuzi zikalegea kwa unyevu, akaondoka nayo. Mwingine aliteremka siku ya soko kununua soksi, na mpaka leo anazinunua. Wazazi hawakuwalaumu sana. Walisema mlima una wenyewe. Lakini kila mwalimu aliposhuka tulirudi nyumbani kuchimba viazi, na alipokuja mwingine alituanzisha upya kwenye a, e, i, o, u, hata tukawa tunaziimba herufi hizo kama watu wanaojua kanisa lakini hawajui Mungu.

Halafu akaja Mwalimu Wafula, kutoka upande wa Busia, kijana mrefu mwembamba, sauti yake nene kama ya mtu mwingine aliyejificha nyuma yake. Huyu alikuwa tofauti, kwa maana alikuwa akijibu maswali. Na mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nyumbani nilikuwa nikichapwa kwa hayo hayo. Siku moja tulimkuta darasani amekasirika. Alikuwa ameweka maharagwe motoni tangu alipotoka kutufundisha jana yake, akalala, akaamka, akayatafuna, yakamjibu kwa mlio. "Kwetu," alisema, "maharagwe yangekuwa yameshaiva, yameshaliwa na sufuria imeshaoshwa." Sisi tukashangaa kwamba kuna mahali maharagwe huiva upesi. Nikauliza: mbona? Si maji ni maji, na moto ni moto? Akasema, "Nyambura, hilo ni la darasa la juu. Ukifika nitakueleza." Shule yetu iliishia darasa la tatu. Mimi nilikuwa la pili. Tangu siku hiyo nilitaka kufika huko juu kama mtu anavyotaka kufika kwa shangazi mwenye mikate.

Tatizo ni kwamba mwalimu alikuwa akilala ndani ya shule ile ile. Tukiondoka, aliunganisha madawati mawili akajifunika koti. Kikohozi kilimwingia. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha asubuhi, baadaye kikawa chakula cha siku nzima, anaandika neno ubaoni, anakohoa, anamalizia neno. Akawaambia wazazi waziwazi, bila kiburi, kwamba muhula ukiisha atashuka na hatapanda tena, kwa sababu alizaliwa mahali pa jua na mama yake bado anamtaka. Shule ingefungwa. Waliokuwa na jamaa huko chini wangepelekwa. Waliobaki wangelazimika kushuka kila siku kupitia lile korongo lenye nyati na ndovu, na hakuna mzazi aliyekuwa na wazimu wa kumpitisha binti huko. Baba yangu hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Alisema, "Huyu akishuka, wewe kitabu chako kimefungwa. Jembe lako liko pale." Nikaenda kulitazama lile jembe. Mpini wake ulikuwa umekatwa mfupi. Alikuwa amenipima tayari.

Basi wazazi wakakutana pale shuleni, wakiwa wamesimama kwa sababu madawati yalikuwa ya kitoto. Upande mmoja sisi Wakikuyu tuliokuja na viazi na kabichi zetu, upande wa pili Wamaasai tuliowakuta na ng'ombe wao. Tulikuwa majirani wa kuuziana maziwa na viazi, si wa kujengeana. Mnaweza kula chakula cha mtu miaka mingi na msijue nyumba yake imesimamaje. Baba alikuwa ndiye msemaji wa upande wetu, na upande wao alikuwepo Mzee Lemayian, babu yake Naserian, aliyekuwa akisema maneno machache kama mtu anayeyatoa mfukoni. Walikubaliana mwalimu ajengewe nyumba Jumamosi. Baba akasema, "Kila upande ulete wajenzi wake, alfajiri." Mzee Lemayian akasema wataletwa. Wakapeana mikono. Na hakuna aliyedanganya pale, nawaambia, hakuna aliyedanganya hata kidogo.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu vijana hawalijui. Kwetu nyumba hujengwa siku moja. Unaanza asubuhi, na kabla jua halijazama moto uwe umewashwa ndani. Nyumba ikilala siku ya kwanza bila moto, kuna wengine huingia, wasioonekana, na hao hawatoki kwa sababu hawakuja na mzigo. Watu walikuwa wameshabatizwa, wote, mpaka baba alikuwa mzee wa kanisa. Lakini Ukristo ni Ukristo na nyumba ni nyumba.

Jumamosi wanaume wetu walifika na mashoka, nguzo zimeshachongwa, mashimo yamechimbwa tangu jana. Wakangoja. Ukungu ukapasuka kidogo, na kutoka upande wa Wamaasai tukasikia kicheko, kisha punda, kisha shanga. Wanawake. Ng'oto Naserian, yaani mama yake Naserian, mbele, wengine nyuma yake, wamebeba fito migongoni na samadi mbichi ya ng'ombe kwenye ngozi. Baba akatazama nyuma yao. Hakukuwa na mwanamume hata wa kusingiziwa.

"Takwenya," baba alisalimia, maana adabu alikuwa nayo. Wakaitikia, "Iko." Kisha akauliza, "Wanaume wako wapi?"

"Wanaume wa nini?" Ng'oto Naserian alisema. "Si mlisema wajenzi?"

"Ndiyo. Wajenzi."

"Basi ndio hawa." Akageuka, akawatazama wanaume wetu wamesimama na nguzo, akauliza kwa huruma kabisa, "Na nyinyi, wake zenu ni wagonjwa?"

Wenzake wakacheka mpaka punda mmoja akashtuka. Kumbe kwao nyumba ni kazi ya mwanamke, tangu fito ya kwanza hadi kinyesi cha mwisho, na mwanamume anayeshika ukuta ni mwanamume asiye na wa kumjengea. Na kwetu mwanamke hasimamishi nguzo wala hapandi juu ya paa, hilo halisemwi hata kwa mzaha. Baba aliona amedharauliwa, kwamba ameomba mafundi akaletewa kejeli. Wale kina mama waliona wameitwa kujenga na kukuta mahali pamejaa wanaume wanaochezea kazi ya watu. Wanaume wetu wakaketi juu ya nguzo. Wanawake wakaketi kwenye fito. Mwalimu Wafula alikuwa mlangoni mwa shule amejifunika koti, akikohoa, akitazama huku na huku kama mtu aliyeitiwa harusi akakuta kesi.

Mimi na Naserian tulikuwa tumekaa katikati, na tulikuwa tukielewa pande zote mbili, jambo ambalo halifurahishi hata kidogo. Jua lilikuwa linapanda. Tukasikia mtu wetu mmoja akisema, "Twende nyumbani, mwalimu atashuka tu, hata akijengewa." Nikaona lile jembe langu la mpini mfupi. Aliyeinuka kwanza alikuwa mama. Mama yangu hakupenda mikutano. Alikuwa amefika baadaye kuleta nyasi za paa, maana hiyo kwetu ni kazi ya wanawake, na kupiga matope vilevile. Alienda kwenye ile ngozi ya samadi, akaingiza mkono, akaifinya, akainusa. Akamwuliza Ng'oto Naserian, "Hii mnachanganya na nini ndiyo isipasuke?" Ng'oto Naserian akasema, "Majivu." Mama akasema, "Kumbe! Yangu hupasuka kila kiangazi." Wakaanza kuongea samadi, wawili hao, kwa Kiswahili kibovu cha pande zote, na mama akawageukia wanaume bila kumtazama baba usoni, akasema, "Nyinyi simamisheni zenu na mpaue. Ukuta tuachieni."

Hivyo ndivyo ilivyojengwa ile nyumba, ambayo sijaona dada yake mpaka leo. Nguzo za mtarakwa na paa refu lililochongoka la Kikuyu, ukuta wa fito na samadi ya Kimaasai, laini kama shavu. Ugomvi wa mwisho ulikuwa mlango. Wanaume walitaka mlango wa kuingia moja kwa moja. Ng'oto Naserian akasema upepo pia huingia moja kwa moja. Kwao mlango hujipinda, unaingia kama unaingia kwenye sikio, na baridi ikifika kwenye kona inachoka. Mwalimu aliulizwa. Akasema yeye anamfuata mwenye kujua baridi. Ukajengwa wa kujipinda, na mfupi, na mwalimu alikuwa mrefu. Kichwa chake kilipiga kizingiti siku zote alizokaa, mpaka tukawa tunajua ameamka kwa kusikia "aaa!"

Jioni ukungu ukashuka kabla nyasi hazijamalizika, na hapo kukawa na taabu nyingine. Hakuna aliyeweza kuona jua, kwa hiyo hakuna aliyejua kama limezama. Wazee wakasema limezama, tumechelewa. Vijana waliokuwa juu ya paa wakasema wanaliona, na hawakuwa wakiliona. Mwalimu akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake, akasema kwa ile sauti nene kwamba kwa saa ya serikali jua bado lipo. Sijui kama alijua au alitaka tu kulala. Wakasema moto uletwe, na moto wa nyumba mpya huletwa na watoto. Tukaingia mimi na Naserian, kila mmoja na mkebe wake, tukainama kwenye kile kisikio cha mlango, tukamwaga makaa katikati ya mawe matatu. Moshi ukapanda ukajaa paa. Mwalimu akaketi, akavua koti. Hilo la koti ndilo baba aliloliona. Akasema, "Amevua," na wanaume wakarudia nje, "Amevua, amevua," kama wanapeana habari ya mvua.

Hakushuka mwisho wa muhula. Kikohozi kilimtoka taratibu. Na kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kukaa, wazazi wakaongeza chumba, tukapata darasa la nne. Nilipofika hapo nilimkumbusha deni langu la maharagwe. Akacheka, akaniambia kwamba huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanaanza kuchemka kabla hayajapata ukali wa kuivisha kitu. Nikamweleza mama, nikamshauri aweke jiwe juu ya kifuniko. Mama akasema, "Kumbe mwalimu alitoka Busia kuja kufundisha sufuria." Lakini aliliweka, na hakuliondoa. La tano lilikuwa huko chini, ng'ambo ya korongo. Sikwenda. Naserian aliolewa mwaka uleule. Elimu yangu ndiyo hiyo yote, darasa la nne na maharagwe, na nimeitumia mpaka hapa unaposoma.

Leo mimi ni mtu wa Kitengela. Hapa Noonkopir shule zimejaa kama vibanda vya simu. Kabla hakujapambazuka mabasi ya njano yanapiga honi, na mjukuu wangu analia hataki kwenda, nami namtazama tu, nikijiuliza huyu atakumbuka harufu gani. Juzi nilipanda kule kwetu kwa mazishi ya shemeji. Ile nyumba haipo, hata alama. Lakini shule ni ya mawe, mabati mekundu, madarasa mpaka yale makubwa, taa za sola, na watoto wana viatu. Nilifurahi mpaka nikaketi chini. Ilikuwa imenyesha usiku. Watoto walikuwa wamesimama barazani, asubuhi imeshakwisha, hawafundishwi. Nikauliza mwalimu yuko wapi. Wakasema, "Shosho, kumenyesha. Bodaboda haipandi."

Alifika karibu na mchana kwa miguu, msichana mdogo kutoka Kakamega, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Amepanga chumba huko Loitokitok. Wazazi wameniambia nyumba za walimu ziliombwa serikalini, wanangoja. Wanangoja vizuri, kwa mikutano na kwa maombi. Nilimsogezea maji anawe miguu, na kwa sababu ule ugonjwa wa maswali haujanitoka, nikamwuliza, "Mwalimu, tukikujengea nyumba hapa juu, utalala?"

Alicheka. "Shosho, iwe na mahali pa kuchaji simu." Kisha akaacha kucheka, akaendelea kujisugua tope. "Nitalala," alisema. "Ni vile tu tangu niletwe huku, hakuna mtu amewahi kuniuliza."